Azimio Lenye Jina, Tarehe na Fedha: Hotuba kwa Madiwani Wapya na Watendaji wa Halmashauri ya Mji

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani wa kata na wa viti maalum, Ndugu Mkurugenzi wa Mji, wakuu wa idara na vitengo, watendaji wa kata na wa mitaa, wenyeviti wa mitaa mlioalikwa, itifaki imezingatiwa. Hongereni kwa kuchaguliwa, na wale mlioteuliwa hongereni kwa kuaminiwa.

Kampeni zimekwisha. Kuanzia sasa wananchi watawapima kwa kitu ambacho wengi wao hawatakiona kwa macho: karatasi zinazopita mezani kwenu kila mwezi, na maneno mnayoyaacha kwenye muhtasari. Baraza halina trekta wala karandinga. Silaha yake ni azimio. Azimio likiandikwa vizuri, shule hupata vyoo. Likiandikwa ovyo, miezi mitatu inapita na mnakutana tena kulizungumza lile lile.

Tuanze na nani ni nani, kwa ufupi. Halmashauri ya Mji inaongozwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Miji, Namba 8 ya mwaka 1982, Sura ya 288. Nchi hii yetu ya Tanzania iliwahi kujaribu kuishi bila mabaraza: serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, na huduma za usafi na maji mijini zikazorota mpaka Serikali ikalazimika kuyarudisha mabaraza ya miji mwaka 1978, kisha sheria za 1982 zikarudisha mfumo wote. Kwa hiyo kiti unachokikalia kiliwahi kuondolewa, na kilirudishwa kwa sababu mji usio na baraza ulishindwa hata kuzoa taka zake.

Diwani anachaguliwa na wananchi wa kata yake. Madiwani wa viti maalum ni wajumbe kamili, na mbunge naye ni mjumbe wa baraza. Mwenyekiti mnamchagua ninyi wenyewe, na Makamu wake mtamchagua kila mwaka. Kwenye manispaa na jiji huyo Mwenyekiti anaitwa Meya, lakini kazi ni ile ile. Mkurugenzi hachaguliwi, anateuliwa. Yeye ni mtendaji mkuu, ni katibu wa baraza, na ni afisa masuuli, maana yake shilingi ikipotea yeye ndiye wa kwanza kujibu mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa.

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Diwani mmoja mmoja hana mamlaka ya kumwagiza mtumishi. Hawezi kwenda zahanati akamhamisha muuguzi, wala kumwambia fundi avunje ukuta. Mamlaka ni ya kikao. Ukiona uozo kwenye zahanati ya kata yako, mpigie simu Mkurugenzi au Mganga Mkuu siku hiyo hiyo, kisha uulete kwa maandishi kwenye kamati inayohusika na afya. Na upande wa pili: mkuu wa idara anayebadilisha matumizi ya fungu lililopitishwa na baraza kwa sababu "muda ulikuwa mfinyu" amevuka mpaka wake, hata kama nia yake ilikuwa njema. Madiwani wanaamua nini kifanyike na kwa fedha ipi. Watendaji wanaamua kifanyikeje kitaalamu. Yapo maeneo ya kijivu, nayo humalizwa na kanuni za kudumu, siyo kwa sauti kubwa. Kila diwani awe na nakala yake ya kanuni hizo wiki hii, aisome sehemu ya akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kufanya kikao, ya maswali na ya hoja binafsi kabla ya kikao cha kwanza.

Sasa niingie kwenye azimio lenyewe.

Chukueni mfano wa azimio ambalo mtalikuta kwenye mihtasari ya halmashauri nyingi: "Baraza limeazimia kwamba suala la taka sokoni lishughulikiwe haraka." Sentensi hiyo ni nzuri kusikika na haina kazi. Nani ashughulikie? Haraka ni lini? Kwa fedha ya wapi? Miezi mitatu baadaye, kwenye ajenda ya yatokanayo na kikao kilichopita, safu ya utekelezaji itaandikwa maneno mawili: "Utekelezaji unaendelea." Nawaomba sana, maneno hayo mawili yakiletwa mbele yenu msiyapokee. Utekelezaji unaoendelea una kiasi: umefika wapi, umetumia ngapi, umebaki nini.

Azimio lile lile lingeweza kuandikwa hivi: "Mkuu wa Kitengo cha Usafi na Udhibiti wa Taka aweke makontena mawili upande wa machinjio ifikapo tarehe 15 Machi, kwa shilingi milioni 9 kutoka kifungu cha usafi cha mapato ya ndani, na taarifa ya utekelezaji iletwe kwenye kikao cha kamati cha mwezi huo." Kuna cheo, kuna mahali, kuna idadi, kuna tarehe, kuna kifungu, na kuna kikao cha kurudi. Mkuu wa kitengo mwenyewe atakushukuru, kwa sababu akienda kwa Mweka Hazina kuomba fedha ana cha kuonyesha. Azimio lisilotaja kifungu humwacha mtendaji akibembeleza, na mtendaji anayebembeleza hushindwa na yule mwenye kelele zaidi.

Kuandika hivyo kunahitaji kazi kabla ya kikao. Azimio zuri haliwezi kutungwa papo kwa papo saa nane mchana watu wana njaa. Linatungwa kwenye kamati. Na kwenye kamati linatungika tu kama makabrasha yalisomwa. Watendaji mlioko hapa, lisemwe wazi: kabrasha la kurasa mia mbili linalogawiwa asubuhi ya kikao ni njia ya kuwafunga madiwani midomo, iwe mlikusudia au la. Lipelekeni mapema kama kanuni zinavyotaka, na mwanzoni mwa kila taarifa wekeni ukurasa mmoja unaosema: kilichoamuliwa, kilichofanyika, kilichokwama, na mnachoomba kikao kiamue. Diwani naye asiyesoma hana haki ya kulalamika kwamba alipitishiwa jambo.

Kamati ya Fedha na Utawala inakutana kila mwezi, na baraza lenyewe kila robo mwaka. Kwa hiyo yule anayesubiri baraza ili aulize habari za fedha amechelewa kwa miezi miwili. Kazi ya fedha inafanyika kwenye kamati, na hapo ndipo nitakaa zaidi.

Taarifa ya mapato ina safu nne za kuangalia: chanzo, makisio ya mwaka, makusanyo mpaka sasa, na asilimia. Macho ya wengi huenda kwenye asilimia ya jumla chini kabisa. Ikisomeka 24 kwa robo ya kwanza, watu wanapumua. Lakini jumla inaficha mambo. Chanzo kimoja kikubwa, tuseme mauzo ya viwanja, kinaweza kuingiza fedha nyingi mara moja na kufunika soko, stendi na leseni ambazo zote zimeanguka. Someni mstari kwa mstari, na kila mstari mlinganishe na kitu mnachokiona kwa macho kwenye kata zenu.

Nitoe mfano wa hesabu, namba ni za kufundishia tu. Stendi inapokea magari madogo 120 kwa siku, na ushuru ni shilingi 1,000 kwa gari. Hiyo ni shilingi 120,000 kwa siku, shilingi milioni 3.6 kwa mwezi, shilingi milioni 10.8 kwa robo. Taarifa inaonyesha shilingi milioni 5.2. Zaidi ya nusu haipo. Msikimbilie kusema imeibiwa. Sababu zinaweza kuwa kadhaa na kila moja ina dawa yake: magari yanashusha abiria nje ya geti kwa sababu ndani kuna matope, mashine ya POS ya kukusanyia ushuru ilikuwa haifanyi kazi wiki tatu na mkusanyaji akaacha kutoza, kuna watu wanasamehewa bila barua, au fedha zilikusanywa na hazikufika benki. Muulizeni Mweka Hazina alete vitu vitatu: orodha ya mashine zote na nani anaishika kila moja, orodha ya siku ambazo kila mashine haikusoma, na orodha ya wakusanyaji wanaodaiwa, yaani waliokusanya kwa POS lakini hawajaweka fedha benki, kwa jina na kiasi. Orodha hiyo ya tatu ndiyo yenye utamu na ndiyo inayochelewa kuletwa. Ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeitaja kasoro hiyo mara kwa mara katika halmashauri za nchi hii. Ombeni pia orodha ya ankara zilizofutwa au kupunguzwa kwenye mfumo, aliyezifuta ni nani na kwa idhini ya nani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari ni mfumo. Ila mfumo hausomeki wenyewe, anausoma mtu.

Kosa la pili liko kwenye makisio. Wakati wa bajeti, matumizi yanapozidi mapato, njia rahisi ni kupandisha makisio ya chanzo fulani mpaka karatasi ikae sawa. Mnapitisha, mnapiga makofi, kisha kuanzia mwezi wa pili miradi inakwama kwa sababu fedha haikuwahi kuwepo. Mkiona makisio ya soko, rudini kwenye idadi ya vizimba. Kama soko lina vizimba 400 na pango ni shilingi 15,000 kwa mwezi, soko zima likilipa bila kukosa hata siku moja linatoa shilingi milioni 72 kwa mwaka. Makisio ya milioni 110 kwenye chanzo hicho ni ya kutunga, na aliyeyaleta aeleze.

Bajeti inaanzia chini. Mitaa inaibua vipaumbele, vinakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ndiye katibu, halafu timu ya menejimenti, kamati za kudumu, baraza, kisha mkoa na TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa, mpaka Bunge. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Diwani anayeleta ombi la kivuko mwezi Machi amefika wakati gari limeshaondoka. Kikao cha kata cha kuibua miradi kifanyike kabla ya mwisho wa mwaka wa kalenda, na muhtasari wake uwe na kipaumbele cha kwanza, cha pili na cha tatu. Kata inayoleta orodha ya mambo 27 bila mpangilio inawaachia wengine kuichagulia.

Kuna fungu moja ambalo wananchi watawauliza kila siku: mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mgawo ni 4, 4 na 2. Mapato ya ndani baada ya kutoa yale yaliyolindwa, yaani yaliyokwisha kupangiwa kazi maalum, yakiwa shilingi bilioni 1.2, mikopo ni milioni 120: wanawake milioni 48, vijana milioni 48, wenye ulemavu milioni 24. Mikopo hii ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kwa sababu ya matatizo ambayo mnayajua: vikundi hewa, wanakikundi waliokodishwa kwa siku ya ukaguzi, na marejesho yasiyorudi. Ikarejeshwa mwaka 2024. Mchango wa diwani hapa ni kuhakikisha orodha ya waombaji imebandikwa kwenye ofisi ya mtaa kabla ya kupitishwa, ili majirani waseme. Majirani wanajua kama kikundi cha ushonaji kina cherehani au hakina. Diwani anayepeleka vikundi vyake mfukoni anajiandalia hoja ya ukaguzi.

Nikija kwenye miradi ya ujenzi. Madiwani hawakai kwenye bodi ya zabuni na hawapaswi kukaa. Manunuzi yanapita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni, na afisa masuuli ndiye anayejibu. Lakini kukagua mradi ni haki yenu na wajibu wenu, hasa majengo ya shule na zahanati yanayojengwa kwa mafundi wa eneo husika, ambako kuna kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Ukienda kukagua usiishie kuangalia rangi. Nenda na mchanganuo wa vifaa na gharama, ile karatasi mnayosikia ikiitwa BOQ, na uisome pale pale. Imeandika nondo za milimita 12 kwenye nguzo? Pima zilizoko chini. Za milimita 10 zinafanana nazo kwa mbali. Bati ni geji 28? Geji imechapwa kwenye bati lenyewe, na geji 30 ni nyembamba zaidi ingawa namba yake ni kubwa, jambo linalowachanganya wengi. Mifuko ya saruji ina namba: 42.5 ni ya zege la nguzo na mikanda, 32.5 inafaa kwa kujengea na plasta. Mifuko ipangwe juu ya mbao, isigusane na sakafu wala ukuta, maana saruji iliyovuta unyevu huganda, na iliyoganda hupondwa ikatumiwa usiku. Halafu daftari la mapokezi: tarehe, idadi, jina la aliyepokea, saini. Kama vifaa vyote vya mradi vimepokelewa siku moja na mtu mmoja kwa kalamu moja, daftari hilo limeandikwa jana.

Ukikuta kasoro, usimgombeze fundi. Iandike, piga picha, itume kwa Mhandisi wa Mji na nakala kwa Mkurugenzi, na uilete kwenye kamati. Kumgombeza fundi mbele ya wananchi kunakupa makofi, ukuta unabaki ulivyo.

Barabara zinahitaji maneno yake. Tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, siyo idara ya ujenzi ya halmashauri. Umeme ni TANESCO, maji ni mamlaka ya maji. Mwananchi haoni tofauti hiyo, na hatakiwi kulaumiwa kwa kutoiona. Kazi ya diwani ni kumwita meneja wa TARURA kwenye kamati, kumpa orodha ya kata kwa kipaumbele, na kudai ratiba yake ya matengenezo ili naye aipeleke kwa wananchi. Ukiahidi lami ambayo si yako, utaadhibiwa kwa fungu usilolishika.

Sheria ndogo nazo hukwama kwa sababu ile ile ya kuruka hatua. Rasimu huandaliwa na Mwanasheria, wananchi hutangaziwa na kupewa nafasi ya kutoa maoni, baraza hupitisha, mkoa huipitia, Waziri huidhinisha, na hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kabla ya tangazo hilo, kutoza faini kwa sheria ndogo mpya ni kutoza bila sheria. Mgambo wakishaanza kukamata watu kabla ya hapo, halmashauri inashtakiwa na inashindwa.

Kuhusu hoja za ukaguzi, yaani kasoro anazoziandika mkaguzi, nitasema jambo moja tu: hoja hufungwa kwa kielelezo, yaani karatasi ya ushahidi. Jibu la "tumepokea ushauri na tutatekeleza" halifungi kitu, na mwaka ujao hoja itarudi ikiwa imeota mizizi. Hesabu za mwaka hupelekwa kwa mkaguzi ifikapo 30 Septemba, kwa hiyo kazi ya kufunga hoja inatakiwa iwe ya kila mwezi kwenye Kamati ya Fedha, isisubiri mkaguzi apige hodi.

Maadili ni yenu binafsi lakini yana tarehe. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13 ya mwaka 1995, inawahusu madiwani. Tamko la rasilimali na madeni linatolewa ndani ya siku 30 baada ya kushika wadhifa, na kila mwaka kabla ya 31 Desemba. Na ikifika ajenda ambayo ndugu yako, mwenzi wako au biashara yako ina maslahi, tamka, toka nje, hakikisha katibu ameandika kwamba ulitoka. Diwani aliyebaki kimya kikaoni, hata kama hakupiga kura, ameandikwa kwamba alikuwepo.

Tuhuma za mtumishi zisijadiliwe mbele ya wananchi walioketi nyuma ya ukumbi. Baraza hujigeuza kamati, wasiohusika hutoka, mtumishi hupewa nafasi ya kusikilizwa. Kumwadhibu mtu kwa shangwe ni rahisi. Kisha rufaa inamrudisha kazini na malimbikizo ya mshahara analipwa kwa mapato yale yale mliyokuwa mnayalinda.

Wenyeviti wa mitaa, nimewaacha mwisho kwa sababu kila nilichosema kinaanzia kwenu. Mkutano wa mtaa usiposomewa mapato na matumizi, wananchi hawatakuwa na sababu ya kuchangia. Bandikeni taarifa kwenye mbao za matangazo kwa mwandiko unaosomeka, mkionyesha kiasi kilichoingia, kilichotoka, na risiti ziko kwa nani. Mtendaji wa mtaa ndiye anayeandika, mwenyekiti ndiye anayehakikisha imebandikwa, na diwani akipita aangalie tarehe yake.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa ridhaa yako, wajumbe wafungue kabrasha la robo iliyopita kwenye ukurasa wa mapato ya ndani. Tutaanza na mstari wa soko, kila diwani aseme idadi ya vizimba anavyovijua kwenye kata yake, na Mweka Hazina atatuonyesha mfumo unasemaje.